Mwangaluka ya Kila Hema

Harufu ya turubai lililolala na umande, linapoanza kupata jua la asubuhi, hunirudisha Lamadi moja kwa moja. Juzi kazi ilinipeleka mahali nikalala kwenye hema la kukodi, na kabla sijafunga begi simu ikaniuliza pale panastahili nyota ngapi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Swali hilo angeulizwa mama yangu zamani zile, angetaka kwanza kujua huyo anayeuliza ameamkaje.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani mitumba ilikuwa imejaa hadi barazani, na magari ya wanunuzi wa sangara yalipita kutwa yakidondosha maji ya barafu barabarani. Baba alikuwa amepunguzwa kazi huko Malampaka, tukarudi kukaa kwenye kiwanja alichoachiwa na babu hapo Lamadi, karibu na ziwa. Ndipo likaja lori la wazungu wenye mahema, limetokea Serengeti. Dereva wao, kijana wa Arusha aitwaye Joeli, akaomba wageni wake walale uani kwetu, na mama akakubali kabla baba hajafungua mdomo.

Baba alikuwa na mawazo yake. Tajiri mmoja wa sangara alikitaka kiwanja kile ajenge banda la kupokelea samaki. Yeye na mama walibishana wee, mwishowe wakaelewana: malori yakiendelea kuja, kiwanja kinabaki, yakikata mguu, kinauzwa. Mimi nilikipenda kiwanja kile mno, na tangu siku hiyo kila mzungu aliyeshuka kwenye lori nilimtazama usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Na kweli walikuwa wanatupima. Wa kwanza kushuka alikwenda chooni, akasimama mlangoni akivuta pumzi, akatoka akitikisa kichwa kwa namna ambayo hatukujua kama ni nzuri au mbaya. Mwingine aliyaonja maji ya mtungi. Mwanamume mmoja mrefu alijilaza chali chini kwenye udongo, akafumba macho. Mama alidhani ameanguka, akaja mbio na kata ya maji amwagie, Joeli akamwahi njiani. Kumbe jamaa alikuwa anaangalia kama ardhi imeinama. Walipomaliza kula walikaa kwenye moto wakizungumza, na Joeli akatuambia kuwa ndivyo walivyo, kila kambi huijadili, kisha wakikutana na wenzao njiani huwaeleza wapi pa kulala na wapi pa kupita tu. Mama akasikiliza, akasema vizuri, waseme.

Asubuhi, kiza hakijaisha sawasawa, aliniamsha nimbebee birika la maji ya moto. Tukaanza na hema la kwanza. Mama alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, akaita salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, "Mwangaluka!" Kimya. Akarudia. Ndani kukawa na mguno, zipu ikashuka, kikatokea kichwa chenye nywele za kila upande. Mama hakuondoka mpaka kichwa kile kilipojitahidi kuitikia. Kisha hema la pili. Hakuruka hata moja. Kwetu mtu akilala kwako usipomwamkia, maana yake una neno naye moyoni.

Lori hilo lilikuja tena mara kadhaa na wageni wapya, na kila kulipokucha tulizunguka vivyo hivyo. Halafu siku moja Joeli akamwita mama pembeni, amevua kofia. Alimwambia kwa adabu kwamba wageni wamekisifu choo, wameyasifu maji, na kivuli wamekipenda. Ila kuna jambo.

"Wanasema wanaamshwa, mama. Wamelipia kulala. Bosi ameniambia yakirudiwa nitafute kambi nyingine."



"Mgeni alale kwangu nisimwamkie," mama akasema, "amelala kwa nani?"

Lakini aliniona nilivyokuwa nimeshika nguzo ya jiko, naye baba alikuwa anasikia. Akasema sawa, ataacha.

Lori lililofuata lilipofika, mama alipokea watu, akachemsha maji, akaonyesha choo. Kulipopambazuka alikaa jikoni akisugua sufuria ambayo ilikwisha takata. Aliisugua, akaisuuza, akaisugua tena. Nilimhurumia mpaka nikataka kulia. Jua likapanda, mahema yakaanza kufunguka yenyewe, watu wakapiga miayo, hakuna aliyelalamika, na mimi nikajua kiwanja kimepona. Ajabu ni kwamba sikufurahi.

Ndipo akaja bibi mmoja wa kizungu, mvi tupu, viatu havijafungwa kamba. Alisimama mlangoni pa jiko akasema maneno mengi, uso umemwiva. Joeli akaja kutafsiri, akacheka kwanza.

"Anauliza wamekukosea nini," akasema. "Aliokutana nao porini walimwambia hapa kila mtu huamkiwa. Anasema amekaa macho tangu alfajiri anasubiri zamu yake."

Mama akaiweka sufuria chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga magoti palepale kwenye majivu. "Mwangaluka, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha yetu, na yule bibi akaitikia kwa matamshi ya kuchekesha sijapata kusikia. Baba alikuwa amesimama uani na mswaki mdomoni. Habari za tajiri wa sangara hatukuzisikia tena.

Joeli ndiye aliyetoa ufumbuzi: asiyetaka kuamshwa aache viatu nje ya hema. Mama akaikubali sheria hiyo. Viatu navyo aliviamkia, ila kwa sauti ya chini.

Miaka mingi nilidhani ni adabu tu, na adabu yenyewe ilinitosha kujivunia. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza kwa nini lazima iwe alfajiri vile. Akanishangaa. Kwani sikuwa naona nyayo? Viboko walitoka ziwani usiku kula majani, wakapita karibu na uzio wetu, na yeye hakuwa akipata usingizi watu wakiwa wamelala ndani ya vitambaa. Alikuwa anahakikisha wote wapo. Hata vile viatu, alivisogelea ili asikie mwenye viatu anakoroma.

Sasa amezeeka, nakaa naye kwangu Bariadi, kifua kinamsumbua. Kila alfajiri, kabla sijawasha jiko, nasimama nje ya mlango wake na birika mkononi.

"Mwangaluka, mayu."

Nasubiri. Siondoki mpaka aitikie.