Yanayosemwa Langoni

Juzi maziwa yalinifurikia jikoni nikimpikia Mama Chebet, jirani yetu wa zamani, chai. Ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikanirudisha kijijini kwetu Ndabibi, siku mdomo wangu ulipoharibu safari ya mama.

Nilikuwa darasa la tatu. Chebet, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa ameachishwa shule. Mama yake alikuwa amepata kibarua kwenye shamba la maua, na hapakuwa na mwingine wa kubaki na mdogo wake Chebet, mtoto mchanga. Nilitembea peke yangu ile njia ya vumbi hadi shuleni na nikachukia kila hatua. Kwa hivyo mama aliposema twende tukamwone jirani, nilijua tunaenda kumrudisha Chebet wangu.

Tukaketi. Mama akauliza habari za mvua. Akamuulizia ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, akasifu kabeji. Chai ikamiminwa, ikinuka maziwa yaliyoungua, na Chebet bado hajatajwa. Kwetu, jambo lililokuleta husemwa ukisindikizwa, pale langoni, kana kwamba umelikumbuka tu sasa hivi. Mimi hayo sikuyajua. Nilidhani mama amesahau, nikaamua kumsaidia.

"Tumekuja kukuambia Chebet arudi shule," nikasema.

Mama Chebet akaweka kikombe chini. Chebet alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, akisikia kila kitu.

"Chebet haendi," mama yake akasema. "Hiyo imeisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikangoja mama abishane, lakini wapi. Alimaliza chai yake taratibu, akashukuru, akaaga. Mama Chebet akatusindikiza. Tulipofika langoni, mama akasimama.

"Asubuhi mkishatoka nyote, na huyu Wanjiku wangu, nyumba yangu inakuwa kimya sana," akasema. "Ukiniletea huyo mdogo, utakuwa umenisaidia."

Shule hakuitaja kabisa. Jumatatu Chebet alikuwa njiani na sare yake, na Mama Chebet akawa anawaambia watu kwamba anamsaidia Mama Wanjiku, maskini, amezidiwa na upweke. Mama alimbeba yule mtoto muhula mzima, akikamua naye, akipalilia naye. Mimi nilikasirika kwa niaba yake: kazi afanye yeye, sifa zimwendee jirani. Mama alicheka tu.

Miaka ilipita kabla sijaelewa nilichofanya. Nilimtaka Mama Chebet akubali kwamba amekosea, tena mbele ya binti yake. Nani angekubali? Mama alimfungulia njia ya kubadilisha nia bila kuaibika, tena Mama Chebet akaondoka pale akionekana yeye ndiye mtoaji.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Free Area, na Mama Chebet anakaa kwa Chebet, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Likizo yangu ya uzazi inaisha Ijumaa. Sijapata wa kumwachia mtoto, na nilikuwa nimeona haya kumwambia mtu yeyote. Juzi tulikunywa ile chai ya kuungua, tukaongea mvua, tukaongea magoti yake, kisha nikamsindikiza. Alipofika langoni akasimama.

"Wanjiku, Chebet akishaenda kazi, ile nyumba inakuwa kimya sana," akasema. "Ukiniletea huyo mdogo, utakuwa umenisaidia."

Machozi yalinitoka pale pale. Yeye akajifanya anaangalia mawingu.