Kibati cha Motokari ya Jeshi

Usiniambie nililewa. Pombe sijaionja tangu nizaliwe, na Kasongo nzima inajua. Usiniambie pia nilisinzia kwenye usukani, maana shofere anayesinzia kwenye barabara ya Kabambare hafiki kuhadithia. Haya niliyaona asubuhi, jua limeshatoka. Ukitaka kubisha, bisha, lakini nisikilize kwanza.

Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha, na Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilikuwa ikiuza magari ya jeshi yaliyorudi yakiwa yamechoka. Mjomba wangu Ramazani, mfanyabiashara wa mawese, akanunua motokari moja ya mizigo. Alitoa kila alichokuwa nacho: shamba, mbuzi, hata nyumba ya mke mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa shofere wake na, bila kujisifu (basi, nijisifu kidogo), hapakuwa na shofere kama mimi mpaka Nyangwe.

Lakini motokari ya vita haikuwa yako kwa kuinunua tu. Sheria ilitaka rangi ya jeshi ifunikwe, tukapaka buluu. Ilitaka vyuma vya kufungia mzinga vikatwe, tukakata. Tena ilitaka kibati cha chuma chenye namba ya jeshi king'olewe pale mbele ya usukani, kipelekwe kwa mkono mpaka ofisi ya Kabambare. Bila kibati, motokari ilihesabiwa kuwa bado ni ya jeshi, na jeshini ingerudi. Nilikifunga kibati kwa kitambaa, nikakitia kwenye mfuko wa shati, nikaiwasha motokari, nikaondoka peke yangu.

Karibu na Wamaza, mvua imetoka kunyesha, nikamwona askari barabarani ameinua mkono. Kaki yake ilikuwa kavu. Nikajiambia labda alijikinga mahali. Akapanda, akakaa kando yangu. Sasa sikia: kiti kile kilikuwa na springi mbovu, hata kuku akikaa kinalia. Siku ile hakikulia.

"Ni weye ulipaka hii rangi?" akauliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Iko mubaya," akasema, akacheka. "Na breki, usikanyage sana. Inavutaka kushoto."

Niamini, jambo lile nililijua mimi tu. Hata mjomba sikuwa nimemwambia. Nikamuuliza amejuaje.

"Mi niliendesha hii motokari mpaka kule mbali, inchi ya muchanga. Ile chuma iko mu mufuko yako, nilikufa mukono yangu iko juu yake. Mama yangu anaingojea. Umupe."

Wewe ungefanya nini? Ungeruka? Motokari ilikuwa inatembea, na motokari ya mjomba siiachi. Nikashika usukani, nikasoma dua zote ninazozijua na nyingine nusunusu. Tulipofika mbele ya nyumba moja ya kando ya njia akasema, "Ni hapa." Nikakanyaga breki, nikageuka. Kiti kitupu, na mlango haukufunguliwa.

Uani palikuwa na mama mzee juu ya mkeka, nywele zimekua na kusokotana. Huku kwetu, mtu akifia mbali na hata ukucha wake haukuletwa, wazazi hawamalizi matanga mpaka wazike kitu alichokigusa. Wanakilaza pamoja na shina la mgomba, ndipo wananyoa. Mama huyu alikuwa ameletewa habari tu. Tangu wakati wa vita alikaa matangani, hapiki kwa ajili ya mgeni, haendi kwenye harusi ya mtu.

"Mutoto yangu amekutuma?" akaniuliza, hata sijamsalimu.

Nilisimama pale na mali yote ya mjomba imo mfukoni mwangu. Niliogopa, lakini huruma ilinizidi. Nikampa. Alikiweka kile kibati shavuni, akalia mpaka majirani wakaja. Jioni ileile wakakizika, akanyolewa.

Kesho yake, Kabambare, mkubwa wa ofisi akauliza, "Plaki iko wapi?" Nikasema kweli yote. Karani wake akacheka, yeye hakucheka. Aliizuia motokari palepale: tukakifukue kibati, au jeshi lichukue gari lake.

Nilimpelekea mjomba habari, akaja Wamaza na jembe begani, hataki hata kuniangalia. Nilimwambia wazi kwamba ningefanya vilevile tena. Tulimkuta yule mama, kichwa kinang'aa, anasonga ugali wa wageni. Akamwekea mjomba sahani.

"Ni weye mwenye motokari? Kula, ndugu yangu. Mutoto sasa analala."

Mjomba akala. Akalitazama kaburi dogo, akalitazama jembe. Kisha akainuka, akapalilia majani yaliyokuwa yameanza kuota pembeni, akamuaga mama, tukarudi Kasongo kwa miguu.

Jeshi liliichukua motokari. Walipoipitisha Kasongo, nilimwonya shofere wao kuwa breki inavuta kushoto. Akaijaribu mbele yangu: ilikwenda sawasawa, akaniona mjinga. Mjomba alirudia kubeba mawese kwa baiskeli mpaka uzee wake, na hakunilaumu hata siku moja. Mke mdogo, huyo hajanisamehe mpaka leo.

Basi wewe unayetamani kumiliki chombo cha vita, timiza sheria zote za serikali, sikukatazi. Lakini kabla hujapaka rangi, kaa ndani peke yako, uulize kwa sauti ni nani aliyefia humo. Ukijibiwa, usijifanye hukusikia. Ana mama mahali, na hajanyoa.