Mshale wa Redio ya Guka

Enzi zetu redio haikuwashwa tu, ilitafutwa. Najua mtu asiye na mvi hata moja akisema "enzi zetu" huchekwa, na kwa kawaida mimi ndiye huanzisha kicheko. Lakini ninyi mliomaliza darasa la nane kabla simu za kugusa hazijafika vijijini mtanielewa. Tulizungusha kwa ncha za vidole, tukampita mhubiri, tukapita Kiarabu, tukapita mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, hadi ghafla mtu akaongea lugha ya kwetu, na nyumba nzima ikapiga kelele: "Hapo! Hapo! Usiguse!"

Redio yetu ilikuwa ya guka, baba yake baba, kule Karurumo. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa alichofuma cucu, mke wake, na kukifunua kitambaa hicho kulihitaji mikono iliyonawa. Ilikula mawe manne makubwa, yaani betri. Mawe yakichoka tuliyaanika juani juu ya mabati, kando ya maharagwe, na kweli yalipata nguvu za siku mbili tatu. Antena ilikuwa imevunjika, kwa hiyo guka aliunga waya hadi kwenye mti wa makadamia. Sisi watoto tulikaa chini ya mti huo tukipasua makadamia kwa jiwe, na kila tulipoutikisa, mtangazaji alikohoa ndani ya nyumba.

Namba za kioo zilikuwa zimefutika. Hata zingekuwepo, guka asingezisoma, kwa sababu miwani yake ilikuwa ya kanisani tu. Alichofanya ni kuyeyusha kipande cha beseni jekundu kwenye moto. Alidondosha tone moja kwenye gurudumu dogo la kutafutia stesheni, na tone la pili kwenye mwili wa redio. Matone hayo mawili yakikutana chini ya kidole gumba, ulijua mshale umefika kwenye stesheni ya lugha yetu. Guka alipaita hapo nyumbani. Sheria yake ilikuwa moja: "Tembea unakotaka, lakini ukimaliza, rudisha mshale nyumbani."

Sababu ilikuwa matangazo ya vifo. Jumamosi saa saba mchana guka aliinua kiganja, na hata githeri ilianza kutafunwa polepole. Cucu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuongea, maana alikuwa akiongea na redio.

"Huyo ni wa kwa nani? Si wa pale juu ya kiwanda?"

Mtangazaji, kana kwamba amemsikia, alitaja watoto wa marehemu mmoja mmoja, na cucu akatikisa kichwa. "Nilisema mimi."

Mimi nilikuwa mtoto wa kwa nini. Kwa nini jua lijaze mawe nguvu? Kwa nini mtu wa redio hapumui? Mama alizoea kusema, "Huyu atamuuliza hata mchungaji kama Mungu alinawa mikono kabla ya kuumba watu." Basi Jumamosi moja asubuhi nilitaka kujua kama mpira ulikuwa ukitangazwa mahali fulani, nikatembeza mshale mbali sana. Mama akaniita nikachote maji. Niliuacha hukohuko.

Saa saba guka akawasha. Mafuta kwenye kikaango. Niliona matone mawili yameachana, nikajua kosa ni langu, na ulimi ukanitangulia.

"Guka, mawe yamekufa."

Aliniamini. Akayatoa, akayaanika mwenyewe. Jua lilipoyafufua, matangazo yalikuwa yamekwisha, na redio ikabaki imefunikwa. Alhamisi iliyofuata alisikia sokoni kwamba Nyaga, mzee wa rika lake, ambaye alitahiriwa naye asubuhi moja, alikuwa amezikwa jana yake.

Guka alirudi nyumbani, akachukua redio, akayapapasa matone, bado yameachana. Kisha akaniita.

"Mugendi."

"Guka."

"Yale mawe hayakuwa yamekufa. Mshale ulikuwa umeenda kutembea."

Nilingoja kiboko. Badala yake alinifunga macho kwa kile kitambaa cha cucu, akanipa redio mikononi, na nikarudisha mshale nyumbani mara kumi bila kuona kitu. Mara ya kumi alisema, "Sasa hata ukizeeka utafika." Alivaa koti akaenda kumpa mjane wa Nyaga pole. Hakunitaja kwa mtu yeyote, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Leo kazi yangu mjini Embu ni kubuni sura za programu za simu. Majuzi tulipewa kazi ya redio ya mtandaoni, na bosi wangu Makena, mzaliwa wa Kangeta, akataka ifanane na redio za zamani: mbao, taa ya rangi ya chungwa, mshale, na mlio wa kukwaruza kati ya stesheni moja na nyingine.

"Makena, mtandao haukwaruzi. Hiyo kelele inatoka wapi?"

"Inatoka utotoni kwako. Chora, wacha kesi."

Nilichora huku nikijiona mwongo. Vijana wa ofisini, waliozaliwa wakikuta kila kitu kinatii, waliutazama mshale wakauliza, "Pa kuandika jina ni wapi? Hii ya kuzungusha ni ya nini?" Niliwahurumia. Hawajawahi kukohozesha mtangazaji kwa kutikisa makadamia.

Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kuifanya kazi hiyo. Guka alishatuacha, na waya za redio yake zililiwa na panya. Macho ya cucu yameingia ukungu. Baba alimnunulia simu nzuri, ila kila Jumamosi ni lazima aite mtu amfungulie redio. Jumamosi moja hakukuwa na mtu wa kuita, na mwanamke aliyeimba naye kanisani tangu ujana akazikwa bila yeye kujua.

"Sitaki kuomba redio kama chumvi," aliniambia. "Nataka kujifungulia mwenyewe."

Nilimpelekea kazi yangu Karurumo kwa majivuno. Akaishika simu, akapitisha kidole gumba juu ya mbao zangu, juu ya taa yangu.

"Hiki ni kioo cha dirisha, Mugendi. Nyumbani ni wapi?"

Nilikuwa nimechora kila kitu ambacho guka hakukitazama, nikaacha kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake.

Nilirudi Embu nikaanza upya. Sasa mshale unaburutwa kwa kidole gumba ukingoni mwa skrini, na simu hutetemeka mara moja tu, pale penye stesheni ambayo mwenye simu ameichagua kuwa nyumbani. Halafu niliyeyusha kipande cha beseni jekundu, nikadondosha tone kwenye kava ya simu ya cucu, penye kitufe cha kuwashia, ambacho sasa kilifungua redio moja kwa moja.

Jumamosi nilikaa kando yake, mikono nimeikalia nisije nikamsaidia. Alipapasa tone, akabonyeza. Akaburuta, akapita, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu simu ikatetemeka.

"Haiya! Imekanyaga nyumbani!"

Wakati huohuo, ng'ambo ya ua, redio ya jirani ikaanza kupiga wimbo wa matangazo ya vifo. Kwetu, stesheni ileile, bado walikuwa kwenye tangazo la chakula cha kuku. Nilimweleza kwa aibu kwamba sauti ya mtandao huchelewa kidogo, na kwamba sina dawa.

"Yaani mtu amekufa kwa jirani, na kwangu bado?"

"Ndiyo, cucu."

Alifikiri. "Basi kwangu akae hai kidogo."

Enzi zetu sauti moja iliingia nyumba zote kwa pamoja, na ukisimama barabarani saa saba ulisikia kijiji kizima kikinyamaza. Siku hizi tuna stesheni za dunia nzima mfukoni, na kila mtu hunyamaza kwa saa yake, peke yake, masikio yamezibwa kwa visikizi. Nilitaka kumuuliza cucu kama kweli hilo halimsumbui. Wimbo ukaanza kwetu. Cucu akainua kiganja, vilevile kama guka, nami nikafunga mdomo.