Timazi na Sikio la Kushoto

Walimwita Timazi tangu ujana wake, enzi alipokuwa akipachika milango kwenye majengo. Timazi ni ule uzi wa mwashi wenye kipande cha chuma mwishoni, unaoning'inizwa kuona kama ukuta umesimama wima, na yeye alikuwa nao machoni. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi, tayari ameshaona kwamba picha ukutani imelalia upande, na mkono unamwasha mpaka ainuke akaiweke sawa. Shemeji zake walikuwa wakipindua picha makusudi kabla hajafika, ili wapate cha kuchekea. Pimamaji, kile kibao chenye kipovu ambacho mafundi wengine hawatoki nyumbani bila kuwa nacho, yeye hakuwahi kuwa nacho. Kipovu cha nini, alikuwa akiuliza, na macho ninayo?

Milango aliiacha zamani. Sasa alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumchungulia masikioni, na kazi yake ilikuwa kwenye karakana moja nyuma ya duka la matairi, iliyotengeneza droni za kukagulia madaraja. Droni hizo hupanda zenyewe chini ya daraja, mahali ambapo mtu angehitaji jukwaa na kamba, zikapiga picha za nyufa. Timazi ndiye aliyefunga vihisi kwenye fremu. Kihisi kikifungwa kimeinama hata kwa unene wa ukucha, droni nzima huamini kwamba imeinama, ikajirekebisha, ikaenda mrama. Kwa hiyo jicho lake lilikuwa mali.

Mwenzake mkubwa hapo alikuwa Rubani, dada mmoja mwembamba mwenye maneno, ambaye ndiye aliyezirusha. Rubani ndiye aliyeipa jina programu iliyokuwa ndani ya kila droni. Aliiita Shangazi.

Sababu alimweleza Timazi siku yake ya kwanza kazini. Droni, alisema, haijui iko wapi. Inachokijua ni yale inayoambiwa na vihisi, na kila kihisi kina uongo wake. Kipokezi cha setilaiti ni kizuri uwanjani, lakini kikiingia chini ya daraja kinasikia mwangwi na kuapa kwamba kiko ng'ambo ya barabara. Kihisi cha mwendo, ambacho wao walikiita Chiriku, hakipumziki kusema, na kinakosea kidogo tu kila mara, ila ukikiachia usukani peke yake vikosa hivyo vinarundikana mpaka kikupeleke ukutani. Dira inapumbazwa na vyuma. Kamera ya tumboni inatazama ardhi ikipita, lakini ukiipitisha juu ya maji inababaika. Ndipo Shangazi anapokaa katikati yao, kama yule shangazi wa kila ukoo ambaye ugomvi wote hupelekwa kwake. Anawasikiliza wote, anapima nani wa kuaminika kwa dakika hiyo, kisha anatoa neno moja.

"Na hamfukuzi mtu kikaoni," Rubani alisema. "Anayeropoka anampunguzia masikio tu. Akitulia, anamrudishia."

Tangu hapo likawa neno la karakana. Wakibishana nani amalize chai iliyobaki, mmoja lazima aseme kesi iende kwa Shangazi.

Asubuhi moja walikwenda kukagua daraja juu ya mto uliokauka. Kazi waliigawa kama kawaida yao: Rubani macho kwenye kioo cha rimoti na vidole kwenye vijiti vyake, Timazi pembeni yake akiitazama droni yenyewe, amwambie ikikosea. Droni ilipanda taratibu, ikaingia kati ya nguzo mbili. Timazi akainua uso kuifuata.

Daraja likaanza kuzunguka. Ni kama mtu amelishika ncha na kulisokota. Nguzo zilimkimbia, mbingu ikapita pale lilipokuwa zege, na katikati ya vurugu hiyo aliiona droni ikiserereka kuelekea nguzo ya kushoto.

"Inaenda kushoto! Vuta kulia!"

Rubani alikuwa ameyaamini macho hayo kwa miaka mingi, na kidole chake kilikwisha kuanza kwenda. Lakini kwenye kioo kila kitu kilikuwa kimetulia. Hakuvuta kulia wala kushoto. Aliviachia vijiti vyote viwili, akamwachia Shangazi.

Droni ikabaki palepale, imetulia kama kitu kilichowekwa kwenye rafu. Kulia kwake, karibu kiasi cha kuigusa kwa mkono, ilikuwa nguzo nyingine. Angemsikiliza Timazi, wangekuwa wanaokota vipande.

Timazi alipoinamisha uso, dunia ikarudi mahali pake. Alijikuta amelishika bega la Rubani kwa mikono yote miwili.

"Iko wima, kaka," Rubani alisema. "Ila wewe umelala upande."

Alisema kwa utani, lakini alipomgeukia na kuuona uso wake ulivyosawijika, utani ukamkauka mdomoni. Timazi alisema hajanywa chai. Rubani alimtazama hadi droni ilipotua. Halafu akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba yeye hatamwambia mkuu wao kitu, ila harushi tena na Timazi mpaka akaangaliwe hospitali.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilianzia kitandani, alipojigeuza tu, kitanda kikapinduka. Ikaja tena alipoinama kufunga viatu, na tena alipoangalia juu kutafuta kopo kabatini. Kila mara ilikaa kidogo, ikaondoka, naye akajikaza kisabuni na kunyamaza.

Alinyamaza kwa sababu ya baba yake. Baba yake alikuwa seremala, mtu wa mkono thabiti, na kwake pia ilianza hivyohivyo, kizunguzungu wakati wa kufunga viatu. Watu walisema ni uchovu. Kisha maneno yakaanza kumpotea, akawa anaita randa msumeno, na walipokuja kuambiwa kwamba ni uvimbe kichwani, hapakuwa na la kufanywa. Timazi sasa alikuwa na umri ule ule. Kila asubuhi, kabla hajaamka vizuri, alikuwa akitaja vifaa vyake kimoyomoyo, randa, msumeno, bisibisi, aone kama majina yote bado yapo. Hospitali hakutaka kuisikia. Ilimradi hakuna mtu aliyelitamka, jambo hilo lilikuwa bado halijawa.

Alichokuwa amefanya badala yake, kabla ya siku ile ya darajani, ni kununua pimamaji. Alichagua dogo kabisa, la kuingia mfukoni, na akalinunua mtaa wa mbali kama mtu anayenunua kitu cha aibu. Kazini alikuwa akifunga kihisi kwa jicho, anageuka kuangalia kama yuko peke yake, kisha anatoa kipovu na kukiweka juu. Kila mara kilikaa katikati. Hilo lingemfariji mtu mwingine. Yeye lilimzidishia hofu, kwa maana alijua siku moja hakitakaa, na hakujua siku gani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mfuko wa suruali hauwezi kupita mkononi mwake bila kupekuliwa. Kesho yake baada ya mambo ya darajani, Timazi alipokaa kunywa chai, alikuta pimamaji liko mezani mbele ya kikombe chake. Mkewe alikuwa amekaa upande wa pili, mikono mapajani.

"Ningekuta hereni ya mwanamke ningekasirika," mkewe alisema. "Hiki kimenitisha."

Timazi alijaribu kusema ni la kazini. Mkewe akamuuliza tangu lini. Akamuuliza pia kwa nini siku hizi analala amejiegemeza kwenye mito kama mgonjwa wa pumu, na kwa nini picha ya harusi yao imekaa kombo tangu walipopaka rangi na yeye anaipita kama haioni. Hapo Timazi alishindwa. Alikuwa ameiona. Alikuwa akiogopa kuinua uso kuirekebisha.

Akaeleza yote, na la baba yake mwisho. Mkewe hakulia wala hakumlaumu. Alifunga chumba cha cherehani, akabandika mlangoni kikaratasi cha kuwaomba wateja radhi, wakaondoka pamoja.

Daktari wa masikio alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya mtu aliyezoea kusema na wasiosikia. Aliuliza maswali mengi. Kinakuja wakati gani? Kinakaa muda gani? Kichwa kinauma? Maneno yanapotea? Mkono mmoja unalegea? Timazi alijibu moja moja, na kila jibu alilipima kwanza kwa baba yake. Kichwa hakiumi. Maneno yapo. Alitamani kumtajia randa na msumeno, akajizuia; la baba yake alilieleza mkewe.

Daktari alimwambia aguse pua kwa kidole, akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akamulika macho. Kisha akamkalisha kitandani, akamgeuza kichwa upande wa kushoto, na kabla hajajiandaa akamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia ukingoni.

Chumba kikapinduka. Timazi alishika mkono wa koti la daktari akaling'ang'ania.

"Usifumbe macho, baba," daktari alisema, amemwinamia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeupata ufunguo aliokuwa akiutafuta nyumba nzima. "Ndicho hicho. Ndicho ninachokitaka."

Kizunguzungu kilipoisha alimweleza akiwa bado amelala. Ndani ya sikio kuna chembechembe, ndogo kama mchanga laini, zenye makao yake, nazo husaidia kuuambia ubongo juu ni wapi na chini ni wapi. Zake baadhi zimebanduka, zikaingia kwenye kijifereji kisichozihusu. Akigeuza kichwa zinatiririka humo, na sikio la kushoto linaapa kwamba mwili unazunguka. Macho yanasema sivyo. Miguu inasema sivyo. Lakini sikio linapiga kelele kuliko wote.

"Na Shangazi analiamini," Timazi alisema.

Daktari alinyanyua uso. "Shangazi yupi?"

Mkewe aliinuka ghafla kutoka kitini. Aliona ndiyo yale, maneno yameanza kupotea. Ikabidi Timazi, kichwa kikiwa bado kinaning'inia, awaeleze habari za droni, na Chiriku, na setilaiti inayodanganywa na mwangwi, na kikao ambacho hafukuzwi mtu. Daktari alicheka mpaka akavaa miwani yake bila sababu. Akasema basi ndiyo hivyo, shangazi yake yuko kichwani, mzima kabisa, ila leo amepigiwa kelele.

Kisha Timazi akauliza lile alilokuja nalo. "Kwa hiyo si uvimbe?"

Daktari aliacha kucheka. Alisema mkewe amefanya vizuri kumweleza habari za mzee, na ndiyo maana amempima yote yale. Kizunguzungu cha uvimbe hakina tabia hii. Hiki kina adabu zake: kinakuja kichwa kikigeuka, kinakaa kidogo, kinaondoka, na kinayatikisa macho kwa namna yake yenyewe, ambayo ameiona sasa hivi kwa macho yake. "Ni sikio, baba. Na nitalirekebisha sasa hivi, kwa mikono."

Akaanza kumgeuza. Kichwa kushoto, akasubiri. Kulia, akasubiri. Mwili mzima ubavuni, pua ikiangalia sakafu, akasubiri tena. Mwisho akamwinua taratibu. Timazi aliijua namna hiyo. Ndivyo yeye anavyoishika droni mikononi kabla ya safari, tumbo juu, ubavu, pua chini, mpaka dira ikubali. Alitaka kulisema, lakini machozi yalikuwa yakishuka yenyewe bila kumwomba ruhusa.

Cheti cha dawa hakikuandikwa. Daktari alisema kizunguzungu kinaweza kurudi siku moja, na kikirudi naye arudi, watazirudisha tena chembe zake nyumbani.

Nje walikaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango. Mkewe alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio, Timazi akishusha pumzi moja baada ya nyingine, ndefu, kama mtu aliyetua gunia na bado anajisikia nalo mgongoni. Halafu, polepole sana, akainua uso. Kidogo. Kidogo tena. Jengo la hospitali likabaki limesimama.

"Mfereji wa paa umelalia kulia," alisema.

Mkewe alitazama. Yeye hakuona kitu. "Sasa nimeamini umepona," akasema, na kicheko kikawashika wote wawili mpaka mlinzi wa lango akaja kuuliza kama wana shida.

Jioni hiyo Timazi alipanda kiti, akainyoosha picha ya harusi kwa jicho. Mkewe alitoa pimamaji, akaliweka juu ya fremu. Kipovu kilikaa katikati, au karibu na katikati. Timazi akasogeza picha kidogo zaidi, kufuata kipovu, jambo ambalo shemeji zake wangelilipia kiingilio kuliona.

Hakulificha tena pimamaji. Alilichomeka mfukoni mwa shati, juu, mahali pa kalamu, na kazini akaeleza mwenyewe kila kitu kabla hajaulizwa. Alimwambia Rubani kwamba kizunguzungu kinaweza kurudi, na kwamba akimpigia kelele tena aangalie kwanza kioo. Rubani alimsikiliza hadi mwisho, akasema wala hakuwa na mpango wa kumfukuza kikaoni, ila wa kumpunguzia masikio tu.

Wakarudi darajani. Droni ikapanda, ikaingia kati ya nguzo mbili zile. Timazi alitanua miguu kidogo, akainua uso kwa hatua, kama anayepanda ngazi asiyoijua. Zege lilikuwa mahali pake. Droni ilikuwa katikati, taa zake zinapepesa.

"Imesimama wima, dada," alisema.

Rubani hakuangalia droni. Alimwangalia yeye.

"Nawe pia, kaka," akasema, akarudisha macho kwenye kioo, wakaendelea kutafuta nyufa.