Kuvushwa Barabara

Kila aliyekuja kumpa pole, fundi wa msumeno alimsifia msimamizi wake: mkono ulipokatika, yule bwana alimbeba mgongoni, akavuka naye barabara mpaka ghala la pili, ndipo akapiga simu ya gari la wagonjwa.

“Barabara ile ni mpaka wa majimbo,” wakili akamwambia. “Upande wa msumeno, sheria ingekulipa kila mwezi mpaka kufa. Upande wa ghala, unapewa kifuta machozi mara moja, basi. Nao waajiri wako wameapa uliumia ghalani, maana ndiko ulikochukuliwa.”

Lo, na fundi alivyomwombea dua mtu yule! Akaikumbuka sauti yake njiani: “Jikaze ndugu yangu, tunakaribia kufika.”

Alidhani ni hospitali.