Dari la Maharage

Juzi fundi aliniuliza, kwenye banda la gari ninalojijengea hapa Kasulu, kama nataka kenchi za paa za kawaida au zenye nafasi ya dari. Harufu ya mbao mbichi ilinirudisha alasiri ile kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, baba akifunga miti ya paa kwa kamba za migomba.

"Baba Yohana, niwekee dari la maharage," mama alimwomba.

"Dari la nini? Tunarudi kwetu."

Hakupiga msumari hata mmoja. Nilidhani anaogopa kujigonga vidole. Kumbe alitaka paa la kufungua upesi, tuondoke nalo. Maharage yaliliwa na panya. Wazazi wangu wote wamezikwa huku huku.

"Weka dari," nilimwambia fundi.

"Utahifadhi nini huko juu?"

"Maharage," nikasema, na mimi silimi.