Ndama, geti la bomba na msumeno

Leo ndama wetu ameingiza kichwa kwenye geti la boma na kikakataa kutoka.

Hilo geti ni la bomba nene la chuma. Mume wangu alilijenga mwenyewe hapa Lanet, na anajivunia sana.

Alipoona ndama anakoroma, ulimi nje, akakimbilia grinda, ile mashine ya kukatia chuma.

"Weka hiyo chini," nikamwambia. "Cheche zitaangukia nyasi kavu. Na bomba likipata moto si utamchoma shingo?"

"Na msumeno wa mkono utamaliza saa ngapi? Huyu atakufa!"

Sote wawili tulikuwa sawa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Tukachukua msumeno. Nikamfunika ndama macho na leso, mume wangu akaanza kukata bomba juu kidogo ya shingo yake. Msumeno ukawa unakwama kila mara. Ndama akaacha hata kupiga mateke.

Hapo niliogopa.

Jirani yetu, Mama Cherono, akaja mbio na chupa ya mafuta ya kupikia. "Mwagia msumeno, uteleze."

Akamwaga bila huruma. Mafuta yakateremka na bomba mpaka kwa masikio ya ndama.

Ndama akatikisa kichwa, akarudi nyuma, akatoka. Akaenda kunyonya mamake kama hakuna kitu kimefanyika.

Tukabaki tunaangalia bomba lililokatwa nusu.

"Sasa nimalizie?" mume wangu akauliza.

Mama Cherono alicheka mpaka akakaa chini.

Haya, semeni ukweli: mngeanza na grinda, na msumeno, ama mngepitia jikoni kwanza?